Bibi wa Kikapu Aliyetaka Kwenda Juani

Yule bibi nilimzua mwenyewe. Nalisema hili mapema kabisa, maana hapa kwetu Kiegeani wapo watu wazima, wenye mvi na tasbihi mkononi, watakaokuapia kuwa walimwona kwa macho yao kabla mimi sijazaliwa. Nilimzua asubuhi moja ya maji kupwa, tope limenifika magotini, kwa sababu watoto walikuwa wavivu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya makumbi. Maganda ya nazi huku tunayafukia katika mashimo ya pwani, tunayagandamiza kwa mawe yasielee, tunayaacha miezi mingi mpaka yalainike. Kisha siku ya kupwa kwa maji tunayafukua, tunayapiga kwa magongo, tukapata usumba wa kusokotea kamba. Harufu yake sitaieleza, pengine unasoma huku unakula. Wanawake walipiga, sisi wasichana wakubwa tulifukua, na wadogo walibeba. Nilikuwa na miaka kumi na tano hivi, nikapewa wadogo saba niwasimamie. Saba! Ukimtuma mmoja alete makumbi mawili, anarudi na kaa. Mwingine alikwenda kunywa maji nikamwona tena kesho yake.

Na siku hizo hatukuwa na nafasi ya mchezo, kwa sababu mama mkubwa, aliyenilea tangu mama yangu alipoolewa Kilwa, alikuwa anapiga makumbi kwa hasira ya watu watatu na mara kwa mara gongo linamwangukia kidoleni. Alikuwa na sababu. Binti yake wa pekee, dada yangu, ameolewa kisiwani Juani, na alikuwa na mimba ya kwanza iliyoingia mwezi wa tisa. Kwa desturi mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama mzazi. Lakini dada miguu ilikuwa imevimba, hawezi kupanda mtumbwi, na wakwe wakatuma salamu: mama yake na aje huku. Baba mkubwa, mumewe, akakataa.

Akakataa kwa sababu ya ukoko. Siku ya harusi, kule Juani, aliwekewa sahani iliyorundikwa wali. Alipochota tonge la pili akakuta chini yake ukoko mtupu, mweusi, umefunikwa wali mwembamba kama maiti na shuka. Baba wa bibi harusi analishwa ukoko! Hakusema neno mpaka alipofika kwake, ndipo akasimama mlangoni akaapa mbele ya majirani: wallahi, mguu wa mke wake hautakanyaga mchanga wa Juani mpaka Mdachi wa boma ajifunze kula pweza. Mwalimu wa chuo alimwambia kiapo cha namna hiyo kina kafara yake, afunge siku tatu yaishe. Akajibu, "Mwalimu, ukoko sili, na kufunga nje ya Ramadhani sifungi."

Basi mama mkubwa akawa hali vizuri, halali vizuri. Kila mtumbwi ukitoka upande wa Chole, kisiwa kilicho njiani, anaacha gongo, anasimama, anauliza, "Hamjasikia habari za Juani?" Akiambiwa bado, anarudi kupiga.

Sasa turudi kwa wavivu wangu.

Elimu yangu si kubwa. Chuoni nilihitimu, na herufi za Kizungu nilifundishwa na kaka yangu aliyesoma shule ya serikali, akiniandikia kwa mkaa juu ya mlango, mpaka mama mkubwa akatupiga sote wawili na kumsafishisha kaka mlango. Lakini hadithi nilizijua. Nilijua hasa zile za kutisha, kwa kuwa nilikuwa mwoga kuliko watoto wote wa mtaa wetu, na mwoga ndiye anayesikiliza vizuri.

Tatizo ni kwamba ilikuwa mchana. Kwetu hadithi haitolewi mchana. Anayetoa hadithi mchana, mama yake huota mkia. Nami nampenda mama yangu, na huko Kilwa mkia angeuficha wapi? Nikafikiri kidogo, nikaona njia. Sitasema "hadithi, hadithi", wala wao hawataitikia. Sitasema paliondokea wala palikuwa. Nitasema tu kama mtu anayetoa habari.

"Mmesikia habari?" nikawaambia, bila hata kuinua kichwa. "Kuna bibi anatokea hapa mashimoni maji yakitoka. Anatoka Kua."

Wote saba wakaganda. Kua wanaijua, ule mji wa zamani kule Juani uliobaki kuta na makaburi, mibuyu imeota ndani ya vyumba. Ukitaja Kua, nusu ya kazi ya kutisha umekwisha fanyiwa.

"Ana mguu mmoja," nikaendelea. "Anakuja akiruka. Du. Du. Du. Kichwani ana kikapu kimefunikwa kawa. Anamtafuta mtoto aliyebaki nyuma ya wenzake, anamsogelea, anamwambia kwa sauti ndogo: 'Mwanangu, nitue.' Sasa ukimtua, ukakifunua kile kikapu…"

Nikanyamaza, nikafukua.

"Ukakifunua?" akauliza binti mdogo wa jirani, mwenye mapengo mawili mbele, ambaye ndiye hakimu wa watoto wote. Yeye huwezi kumwambia jana paka alikuwa mweusi na leo awe wa madoa.

"Beba kwanza," nikasema.

Makumbi yalibebwa siku ile! Hakuna aliyetaka kubaki nyuma ya wenzake. Walikwenda na kurudi wamebanana kama dagaa, na kila waliporudi niliongeza kidogo: jinsi kawa linavyotikisika lenyewe, jinsi kikapu kinavyochuruzika maji ingawa bibi ni mkavu. Nilipofika penye kukifunua, maji yakaanza kujaa, kazi ikaisha, nikasema, "Kesho."

Kesho yake nilifanya hivyohivyo. Na kesho kutwa. Nitakuambia siri: mwenyewe sikujua ndani ya kikapu mna nini. Kila siku niliahidi kufunua na kila siku niliwaza kitu, nikakiona hakitoshi. Kichwa cha mtu? Kila hadithi ina kichwa cha mtu. Nyoka? Watoto wetu nyoka wanawapiga mawe. Niligundua kwamba kawa likiwa limefunikwa, kila mtoto anatia ndani kile anachokiogopa yeye. Mmoja alikuwa na hakika mle mna mwalimu wake wa chuo.

Siku ya tano mambo yakanitoka mkononi. Nilifika pwani nikakuta wanawake hawapigi makumbi mmojammoja, wamekaa wawili wawili, mgongo kwa mgongo, kama askari. Kando ya shimo mtu ameweka yai juu ya jani.

"Hili yai la nani?" nikauliza.

"La bibi," akasema jirani yetu, mama yake yule mwenye mapengo.

"Bibi gani?"

"Shoga, unauliza bibi gani, na wewe ndiye uliyeleta habari zake?"

Nikacheka. Hakuna aliyecheka nami. Hapo ndipo nilipotambua nilichofanya. Kama ningesema "hadithi, hadithi", kila mtu angejua ni uongo mtamu. Lakini nilisema "mmesikia habari" mchana kweupe, bila kuitikiwa, na mtu mwenye akili timamu hatoi uongo mchana akamwotesha mama yake mkia. Kwa hiyo ilikuwa kweli.

"Lakini yule bibi mimi…" nikaanza.

"Hata mimi namjua," akadakia mvuvi mmoja mzee aliyekuwa anapita na nyavu begani. "Nimemwona mara mbili. Ana shoto."

"Ana nini?"

"Ana shoto. Kikapu anakishika kwa mkono wa kushoto. Hukuona?"

Nifanyeje? Ni mzee, nimwambie ni mwongo? Nikasema, "Shikamoo, babu." Akasema, "Marahaba, mwanangu," akaenda zake, na bibi yangu akawa na shoto tangu siku hiyo.

Nilikusudia kumwambia mama mkubwa ukweli jioni ileile. Lakini alinitangulia. Alasiri tulikuwa uani tunatwanga, mchi wake na mchi wangu kinu kimoja. Ghafla mchi wake haukurudi. Naangalia, mama mkubwa ameketi chini, macho juu, anatetemeka mabega, na sauti inayotoka kinywani si yake, nzito, ya mtu mwenye maji kifuani:

"Nitueee."

Nilitupa mchi, nikapiga yowe, nikaruka ukuta wa ua. Wallahi niliruka. Mimi niliyemzua nilikuwa wa kwanza kumkimbia.

Baba mkubwa alitoka ndani na kikoi kimoja, akamwita mkewe kwa jina, akajibiwa, "Huyo hayupo. Nitue." Akabadilika rangi. Yule mtu hamwogopi Mdachi wala papa, lakini mapepo anayaheshimu. Kesho yake, baada ya sala ya alasiri, fundi wa pepo alikuwa uani kwetu: bibi mmoja mfupi, mkali, mwenye sauti ya kutosha kijiji kizima. Akaleta ngoma mbili na wapigaji. Chano kikatengenezwa, kina halua, ndizi, mayai na mkate wa kumimina. Mimi nikapewa chetezo cha ubani nikishike. Majirani wakajaa mpaka juu ya ukuta, na mbele kabisa wamekaa wadogo zangu saba, wamebanana.

Mama mkubwa alikalishwa kwenye kigoda, kafunikwa kaniki kichwani. Ngoma zikalia, tukaimba, ubani ukafuka. Akaanza kuyumba. Kisha akasimama, akacheza.

"Siyo!" ikalia sauti nyembamba. Mwenye mapengo amesimama, kidole kimemnyookea. "Bibi wa Kua ana mguu mmoja! Huyu anachezea miwili!"

Ngoma zikakatika. Nami nikaona, kupitia moshi wa chetezo changu, mguu wa kulia wa mama mkubwa ukipanda taratibu, taratibu, mpaka ukakunjika nyuma kama wa korongo. Akaruka. Du. Du.

"Eeeh," watu wakasema.

"Na kikapu mkono wa kushoto," akakumbusha mvuvi kutoka ukutani.

Mkono wa kushoto ukapanda kichwani.

Kabla ya hapo nilikuwa nimekwisha amini kabisa kwamba amepandwa na bibi. Sasa nilijua anaigiza, na kujua kulinitisha kuliko kuamini. Mama mkubwa asingetaka mchezo huu kama angekuwa na mlango mwingine wa kutokea. Na akigunduliwa, mbele ya kijiji kizima, baba mkubwa hatamsamehe, na Juani hataiona mpaka mjukuu aote ndevu.

Fundi akamsogelea. "Taireni!"

"Taire!" tukaitika, maana ndivyo pepo anavyosalimiwa.

"Karibu, bibi. Kwenu wapi?"

"Kua."

"Umekuja kwa heri au kwa shari?"

"Kwa uchovu," ikajibu ile sauti. "Mguu mmoja, mama. Nitueni."

"Tutakutua. Lakini sema kwanza, ndani ya kikapu mna nini?"

Salaam aleikum! Swali lilelile nililolikwepa siku tano. Wadogo wote saba wakavuta shingo. Mama zao wakavuta shingo. Kaniki ikafunguka kidogo upande wangu, na jicho moja la mama mkubwa likanitazama mimi, mwenye kikapu, nimpe jibu. Nami sikuwa nalo. Nikamtumbulia macho. Nikabana midomo. Nikatikisa kichwa kidogo sana, kumwambia sijui, mama, haki ya Mungu sijui, sikuwahi kukifunua.

Jicho likafumba. Akabaki juu ya mguu mmoja, na ule mguu ulikuwa unaanza kutetemeka. Fundi akauliza mara ya pili. Na sauti ilipotoka haikuwa nzito tena.

"Mna nguo za mtoto mchanga," akasema. "Mna winda, na mafuta ya nazi, na kijishati. Binti yangu alikuwa kwetu Kua na mimba yake ya kwanza, mimi niko huku. Nikasema nitakwenda. Wakanizuia, nikakawia, nikasema nitavuka kwa miguu maji yakipwa. Maji yakajaa. Sikufika. Mpaka leo nabeba, sijui alizaa salama au hakuzaa. Kila ninayemwomba anitue anakimbia."

Hakuna aliyepiga ngoma. Mwenye mapengo ndiye aliyeanza kulia, kwa sauti, mdomo wazi, kisha wote saba. Nami nikalia, machozi yakawa yanaingia kwenye makaa, tss, tss. Nilisikia mtu anapenga kamasi nyuma yangu. Nikageuka, ni baba mkubwa, ameshika mkono wa kanzu yake usoni.

"Anataka nini?" akauliza fundi, na sauti yake nayo ilikuwa imelainika.

"Nipelekeni Juani."

Watu wote wakamtazama baba mkubwa. Akakohoa. Akatazama chini, akatazama chano.

"Mimi nimeapa," akasema. "Mguu wa mke wangu…"

"Ehe, mguu," akasema fundi. "Huu uliokunjwa ndio wa mkeo. Huu anaosimamia ni wa bibi. Umemwapia bibi wa Kua?"

"Sijamwapia."

"Basi na aende kwao na mguu wake. Au unataka akae hapa kwako?"

"Aende!" akasema baba mkubwa upesi. "Kesho alfajiri aende. Nitampeleka mwenyewe."

Mama mkubwa akaanguka kwenye kigoda, na mguu nao ukapumzika.

Tuliondoka alfajiri watatu, mimi nimebeba kikapu cha kweli, maana mama mkubwa alikuwa na winda na mafuta yaliyotengenezwa tangu mimba ilipofika mwezi wa tano, amevificha katika mtungi. Tukatembea mpaka pwani inayotazamana na Chole, tukachukua mtumbwi. Katikati ya maji, baba mkubwa yuko mbele anapiga kafi, nikamsogelea mama mkubwa sikioni.

"Mama, ulijuaje ya kikapu?"

"Wewe hukujua?"

"Sikujua."

"Mtoto mjinga," akanong'ona. "Mtu gani afe na mzigo kichwani asiutue, kama si wa mjukuu?"

Nimekwisha andika vijihadithi vingi tangu siku ile, kwa herufi za mlangoni, na bado ninajifunza lile jibu.

Tulipofika Juani, baba mkubwa akaingiwa na wasiwasi wa kiapo. Hukumu ya fundi alikuwa ameielewa, lakini hakuwa na hakika malaika wanaoandika nao wameielewa. Akashuka majini, akageuza mgongo. "Panda."

"Nipande wapi?"

"Mgongoni. Mchanga sitaki uukanyage."

Mama mkubwa ni mwanamke mnene, alhamdulillahi. Alipanda. Baba mkubwa alikwenda hatua tatu za kiume kabisa, ya nne ikaingia shimo la makumbi la watu wa Juani. Wote wawili wakaenda chini, wakaibuka wamejaa tope lile lile lenye ile harufu ambayo sikuieleza. Mkwewe, baba wa mume wa dada, aliyekuja ufukoni kutupokea, alimkuta amekaa majini mpaka kiunoni. Sasa ugomvi wa heshima utauendeleza vipi ukiwa katika hali hiyo? "Karibu, mkwe," yule akasema. "Nimekaribia," akajibu baba mkubwa.

Mchana wakamwekea sahani. Wali mweupe, samaki, mchuzi wa nazi. Nilimwona akipenyeza kidole mpaka chini, akichunguza. Akachunguza na upande wa pili. Akala yote. Mwishoni mama mkwe wa dada akauliza kama kuna alichopungukiwa, naye akasema kwa unyonge, "Mbona watoto wamepewa ukoko na mimi sikupewa?" Kumbe alikwisha elezwa na mkwewe: kule kwao, mgeni wanayempenda ndiye hufichiwa ukoko chini ya wali, asije akaombwa na watoto.

Uchungu ulimshika dada siku ya pili, jua limekwisha panda. Mama mkubwa aliingia na kikapu, mlango ukafungwa. Sisi wengine tukabaki nje chini ya kibanda, mimi na baba mkubwa juu ya mkeka mmoja. Ndani kimya, kisha dada analia, kisha kimya. Baba mkubwa alikuwa anasuka na kufumua ukindu uleule.

"Sema chochote," akaniambia.

"Niseme nini, baba?"

"Chochote. Zile habari zako. Nisisikie humo ndani."

Nikamtazama. Alikuwa amepauka midomo. Nikaanza: "Kuna mtu mmoja, anaishi ndani ya pipa la maji. Mchana huwezi kumwona. Ila ukiinama kuchota, sura unayoiona majini si yako…"

"Acha!" akasema, akasogea karibu yangu. Dada akalia ndani. "Endelea, endelea."

"Sura inakutazama. Wewe unacheka, yenyewe haicheki. Unaondoa uso, yenyewe inabaki. Kisha inatoa mkono wake polepole, mkono mweupe kama nazi, inashika ukingo wa pipa…"

Amenishika kiwiko kwa vidole vyote vitano.

"…inajiinua, inajiinua, mpaka ikafika usawa wa sikio lako, inafumbua kinywa, inasema…"

Ndani mtoto akalia. Sauti kali, ya kukasirika kabisa. Baba mkubwa alisimama na mkeka umemganda miguuni, akaupiga teke, akakimbilia mlangoni akiita, "Mzima? Mama yake mzima?" Na mama mkubwa akajibu kutoka ndani, wazima wote wawili, na wewe punguza kelele, unamtisha mtoto.